Ofa ya shahada ya mtandaoni inaisha mwisho wa mwezi, na mume wangu hataki kuisikia

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, na ni mhasibu msaidizi kwenye halmashauri moja mkoani Singida. Niliajiriwa mwaka 2015 nikiwa na stashahada ya uhasibu niliyomaliza kwa GPA ya 2.8. Tangu hapo nimepanda daraja mara mbili.

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa vijana wawili wenye shahada. Kazi niliwafundisha mimi: kuandaa vocha kwenye MUSE, ule mfumo wa malipo wa serikali, kufuatilia masurufu ambayo hayajarejeshwa, kufanya usuluhisho wa benki kila mwisho wa mwezi. Mwezi uliopita mmoja wao amekaimishwa kitengo chetu. Sasa mimi ndiye ninayembebea faili, na kuna siku ananiuliza kwa sauti ya chini asaini wapi. Sina chuki naye, ni kijana mwenye adabu na ananiita dada. Ila nikirudi nyumbani usingizi hauji.

Katika kundi moja la WhatsApp nikakutana na wakala wa chuo cha nje. Anasema nitapata shahada ya uhasibu kwa miezi 18, yote mtandaoni, bila kuacha kazi. Ada ni dola 6,000, lakini nikilipa dola 300 kabla ya mwisho wa mwezi huu napunguziwa hadi dola 3,600, na zilizobaki nalipa kidogo kidogo mpaka nimalize. GPA yangu anasema si tatizo, maana uzoefu wa miaka kumi "unahesabiwa". Ameniambia pia kwamba cheti hakiandikwi popote kuwa nilisoma mtandaoni.

Mshahara ninaoubeba nyumbani baada ya makato yote, pamoja na mkopo wa SACCOS uliobakiza miezi 14, ni shilingi 520,000. Nilifikiri kuongeza mkopo mwingine juu ya huo, na zamu yangu ya mchezo itakapofika niimalizie ada.

Mume wangu ni fundi seremala, ana karakana yake. Anasema hiyo ni karatasi ya kwenye simu. Kiwanja chetu kimeishia kwenye msingi tangu 2022, na yeye anataka pesa yoyote itakayopatikana ipandishe kuta. Tena ananiuliza swali ambalo sina jibu lake: "Utasoma saa ngapi?" Naamka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa kumi na mbili jioni. Inapofika Juni tunafunga mwaka, kuna siku natoka ofisini saa tatu usiku. Mtoto mkubwa yuko darasa la tano, mdogo ana miaka minne.

Rafiki yangu alisoma Chuo Kikuu Huria akiwa kazini, akatumia miaka sita. Anasema nikienda huko nitazeekea humo. Ofisini sijamwambia mtu yeyote, hata Afisa Utumishi. Mpango wangu ni kusoma kimya kimya halafu nipeleke cheti, waone wenyewe.

Naomba uniambie: shahada ya mtandaoni ina thamani kweli kwa mtu mzima mwenye kazi na familia? Au nimeshachelewa?

Mhasibu Msaidizi, Singida

MAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniandikia habari za ada, mume na chuo, lakini pale uliposimulia lile faili ndipo kalamu yako ilipokaza. Umefanya kazi kwa miaka kumi, umewafundisha wengine, na leo karatasi imempa mwingine kiti ambacho mikono yako inakijua. Maumivu hayo ni ya kweli na hayahitaji kutetewa. Ninachoogopa ni kimoja tu, kwamba wakala naye ameyaona, na amekuuzia dawa yake kabla hujaulizwa unaumwa wapi.

Uliniuliza kama shahada ya mtandaoni ina thamani. Kwa mtu mwenye duka lake, thamani ni kile anachojifunza. Kwa anayefanya kazi kwenye kampuni binafsi, thamani inapimwa na bosi wake. Kwako wewe mtumishi wa umma, cheti kinapita kwenye mikono ya watu watatu kabla hakijageuka kuwa cheo wala mshahara: Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, inayotamka kama chuo na tuzo yake vinatambulika, mwajiri wako, anayeamua kama atakubadilishia kada, na Bodi ya Wahasibu, NBAA, kama unataka kusimama kama mhasibu kamili. Kwa hiyo tuanzie mwisho turudi nyuma. Wakala yeye ameanzia kwenye malipo.

Tuitazame hiyo miezi 18. Kwa mfumo wa TCU, shahada ya kwanza ya miaka mitatu inabeba krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: kusoma, kusikiliza vipindi, kufanya asaimenti, kujiandaa kwa mitihani. Jumla ni saa 3,600. Miezi 18 ina wiki 78. Gawanya, utapata saa 46 kila wiki, bila sikukuu, bila mtoto kuugua, bila Juni. Hiyo ni ajira ya pili. Anayekuahidi muda huo, ama anadhani utaweza kuajiriwa mara mbili, ama masomo yenyewe hayajafika uzito wa shahada. Uzoefu wa kazi hapa nchini una utaratibu wake wa kutambuliwa, lakini huo humpa mtu mlango wa kuingilia chuoni. Haumfutii masomo yaliyo ndani.

Sasa chukua hesabu hiyo hiyo umpimie rafiki yako wa Chuo Kikuu Huria. Saa 3,600 kwa miaka sita ni saa 600 kwa mwaka. Ukiondoa wiki nane za mwaka ambazo mtu mzima hawezi kufungua daftari, zinabaki wiki 44, yaani saa 13 na nusu hivi kwa wiki. Hakuzeekea humo kwa uzembe. Alisoma kwa kasi ya kawaida ya mtu mwenye kazi. Anayeweza saa 16 kwa wiki atahitaji miaka mitano na kidogo, na anayeweza saa 20 atahitaji minne. Kabla hujaenda popote, jipime kwa wiki mbili. Chukua kitabu chako cha zamani cha uhasibu wa gharama au takwimu, kisome kila unapopata nafasi, na uandike kwenye karatasi dakika ulizosoma kweli. Usiandike ulizopanga. Mwisho wa wiki ya pili utakuwa na jibu la kumpa mume wako, na huenda likakushangaza wewe mwenyewe, kwa uzuri au kwa ubaya.

Kuhusu GPA ya 2.8. Umeiandika kwa kupita tu, lakini nadhani ndiyo iliyokusukuma kwa huyo wakala. Kwa vigezo vya TCU, mwenye stashahada huhitaji GPA isiyopungua 3.0 ili adahiliwe moja kwa moja kwenye shahada, pamoja na ufaulu wake wa kidato cha nne. Wewe umepungukiwa na pointi mbili za desimali. Chuo cha nje kinaweza kukupokea, lakini siku utakapopeleka cheti chake TCU kitambuliwe, swali la uliingia kwa sifa zipi linaweza kukufuata hadi huko. Na kutambuliwa utakuhitaji: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira humtaka kila aliyesoma vyuo vya nje ahakikishe vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika. Mtandaoni au darasani, sharti hilo ni moja.

Sisemi kwamba huyo wakala ni tapeli. Sijui chuo chake, na nawe hukukitaja. Ila biashara hii ina historia yake. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilianika kampuni ya Axact ya Pakistani iliyokuwa ikiuza shahada za mamia ya vyuo visivyokuwepo, vyenye tovuti za kupendeza na hata bodi bandia za ithibati zilizotengenezwa kuvithibitisha. Na hapa kwetu hujasahau Aprili 2017, pale majina ya watumishi 9,932 yalipokabidhiwa kwa Rais Magufuli kwamba vyeti vyao ni vya kughushi. Wewe hughushi kitu, najua. Lakini mtumishi anayekutwa na cheti kisichotambulika hana pa kujieleza kwa raha.

Kwa hiyo kabla ya dola hata moja kutoka, muulize wakala kwa maandishi jina kamili la chuo na nchi kilikosajiliwa. Kama ni Uingereza, kitafute kwenye rejista ya Office for Students, wasimamizi wa vyuo vikuu vya huko. Kama ni Marekani, kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya huko. Kama ni India, kwa tume yao ya vyuo vikuu, UGC, na huko uangalie zaidi kama wana kibali cha kufundisha programu hiyo hiyo kwa mtandao, maana chuo kinaweza kuwa halali na programu isiwe na kibali. Jina la bodi ya ithibati ulilopewa na chuo chenyewe usilitegemee, litafute kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Halafu waandikie TCU, taja chuo na programu, uliza kama tuzo yake inatambulika Tanzania, na jibu ulihifadhi. Angalia pia pesa inaingia wapi. Chuo hupokea ada kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ukipewa namba ya simu ya mtu, umeshajibiwa. Na punguzo la asilimia 40 linalokufa mwisho wa mwezi lina kazi moja, kukunyima muda wa kuyafanya haya yote.

Ile sentensi kwamba cheti hakiandikwi "mtandaoni", mimi ingenitia shaka badala ya kunituliza. Kwa nini kifiche? Elimu ya masafa haina aibu. Chuo Kikuu cha London kimetahini wanafunzi wa mbali tangu 1858. Mandela alimaliza shahada yake ya sheria kupitia Unisa, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kikapokea wanafunzi mwaka 1994. Mume wako akisema ni karatasi ya kwenye simu, mwambie hayo, kwa upole. Wakala naye akisema kitu hicho hicho kwa lugha nyingine, kwamba neno "mtandaoni" ni la kufichwa, usimwamini.

Turudi ofisini, maana hapo ndipo mpango wako unaponitia wasiwasi kuliko hata wakala. Unataka kusoma kimya kimya. Naelewa: unaogopa kuchekwa ukishindwa, au kuwekewa vikwazo. Lakini kubadilishiwa kada kutoka mhasibu msaidizi kwenda mhasibu si tuzo ya cheti. Mwajiri ataangalia kama masomo hayo yalikuwa kwenye mpango wake wa mafunzo, kama ulikuwa na ruhusa, kama nafasi ipo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na imetengewa bajeti, ndipo apeleke maombi Utumishi. Wapo wenye vyeti halali kabisa ambao faili zao zimekaa miaka kwa sababu hatua ya kwanza waliiruka. Barua ya kuomba ruhusa ya kujiendeleza nje ya saa za kazi haiigharimu halmashauri kitu. Ulikataliwa kabla hujaomba, na aliyekukataa ni wewe mwenyewe.

Ukienda kwa Afisa Utumishi, mbali na ruhusa, mwulize na hili: nikibadilishiwa kada, mshahara wangu utakuwaje? Anayebadilishiwa kada huanzia ngazi ya kuingilia ya kada mpya. Wewe umepanda mara mbili, na inawezekana unacholipwa leo kimeshafika au kimeupita mshahara wa mhasibu anayeanza. Ikiwa hivyo, utabaki na mshahara wako wa sasa kama mshahara binafsi mpaka ngazi mpya ikufikie. Maana yake ni kwamba barua ya kada mpya inaweza kuja bila hata shilingi mia ya nyongeza kwa mwaka au miwili. Hilo halifanyi shahada iwe bure. Ngazi ya wasaidizi inaishia mapema, ya wahasibu inaenda mbali hadi kwenye vyeo vya kuongoza kitengo, na mafao yako ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yatakokotolewa kutokana na mishahara yako. Lakini kama umemwahidi mume kwamba pesa itarudi haraka, hesabu hiyo ifanyeni upya pamoja.

Na hiyo pesa yenyewe. Dola 3,600 kwa miezi 18 ni wastani wa dola 200 kwa mwezi. Kwa dola ya shilingi 2,600 ni 520,000, ambayo ni mshahara wako wote unaoubeba nyumbani. Hujanunua laptopu, hujanunua bando. Mkopo wa pili juu ya wa kwanza utagonga ile kanuni ya kubakiza theluthi moja ya mshahara, na ukipita kwa watu wa pembeni wasiouliza theluthi, riba yao unaijua, wewe ni mhasibu. Zaidi ya hapo, ada ya dola haitulii. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu 2,330. Katikati ya 2024 ilipita 2,600. Dola 3,600 zilezile ziliongezeka kwa zaidi ya shilingi 900,000 bila chuo kupandisha ada. Ada ya shilingi, hata ikiwa si ndogo, huipangia bajeti.

Njia nyingine zipo, na kila moja ina mawe yake. Chuo Kikuu Huria kina kituo Singida. Kwa GPA yako ungeanzia kwenye programu yao ya msingi, ile ya mwaka mmoja wanayowekewa wale ambao sifa zao zimepungua kidogo, na humo unatakiwa utoke na GPA ya 3.0 ndipo uingie shahada. Faida yake ni kwamba hakuna atakayeuliza kama chuo kinatambulika. Hatari yake ni upweke. Wengi huangukia mwaka wa kwanza kwa sababu wamejisajili masomo yote kama mwanafunzi wa bweni, wakapata sapu tatu, yaani mitihani ya marudio, wakaona aibu kurudi. Wengine hufika mpaka utafiti wa mwisho wakakwama hapo, kwa kuwa masomo yana tarehe za mitihani lakini utafiti hauna anayekusukuma. Ukienda huko, anza na masomo machache chini ya uwezo wako, na moja liwe lile unaloliogopa. Nahisi ni takwimu.

Taasisi ya Uhasibu, TIA, nayo ina kampasi Singida. Uliza kama mwaka huu wana madarasa ya jioni kwa ngazi unayoitaka, na uliza sifa za kuingia kwa GPA yako. Darasa la jioni lina mwalimu wa kumwangalia usoni na wenzako wa kukuvuta, na wewe unayefundisha wengine kwa kuongea huenda ukafaidi zaidi hapo kuliko kwenye skrini. Jiwe lake ni Juni: mwalimu hatakusubiri ufunge hesabu za mwaka. Uliza pia kuhusu mafunzo kwa vitendo, yanachukua wiki ngapi na kama ofisi yako mwenyewe inakubalika kuwa mahali pa kuyafanyia. Waliosahau kuuliza hilo wamejikuta wakiomba likizo isiyokuwepo.

Ya tatu hukuitaja kabisa, na kwa mhasibu nimeshangaa kidogo. Mitihani ya NBAA. Ina vikao vya Mei na Novemba, kabla ya Juni na baada ya pilikapilika za hesabu za mwaka, na unaweza kujisomea mwenyewe. Matangazo ya nafasi za Mhasibu Daraja la II yamekuwa yakikubali, pamoja na shahada, cheti cha ngazi ya kati cha NBAA. Kwa maneno mengine, karatasi unayoitafuta inaweza isiwe shahada. Mwombe Afisa Utumishi akuonyeshe muundo wa kada yenu unaotumika sasa, uone kwa macho yako umeandika nini. Ugumu wake ni wa kweli: anayetoka stashahada huanza ngazi ya chini kuliko mwenye shahada, maswali hayana huruma, na kufeli somo moja mara mbili au tatu ni jambo la kawaida. Lakini unalipia mtihani kwa mtihani, na ukisimama mwaka mmoja kwa sababu ya mtoto au ukuta wa nyumba, hujavunja mkataba na mtu.

Kuna na ya nne, kusubiri miezi 14 mkopo wa SACCOS uishe, ukiitumia kuandika barua, kupata majibu na kujipima saa zako. Wengine huona hiyo ni kuahirisha maisha. Wewe ndiye unayejua kama ukisubiri utaanza, au utazoea.

Chochote utakachochagua chenye mtandao ndani yake, fahamu kwamba "wakati wowote" ni nusu ya ukweli. Asaimenti zina saa ya mwisho na mfumo hujifunga wenyewe, hata kama umeme umekatika saa mbili usiku. Waliozoea hupakia kazi siku moja kabla, huweka betri ya laptopu ikiwa imejaa, na huwa na laini mbili za mitandao tofauti. Saa moja ya kipindi cha video hula kati ya nusu GB na GB moja, kwa hiyo saa nne kwa wiki zinaweza kufika GB 16 kwa mwezi. Pakua vipindi usiku au ofisini baada ya kazi kama mnaruhusiwa, na ukiweza omba maandishi yake, ambayo ni mepesi. Kwenye simu unaweza kusoma, lakini jedwali la hesabu kwenye kioo cha inchi sita utalia nalo.

Kuhusu mume wako. Umemwandika kama kikwazo, lakini nilipoyasoma maneno yake nimeona mtu aliyeuliza maswali mawili ambayo wakala hakuyauliza: pesa itatoka wapi, na utasoma saa ngapi. Huenda pia nyuma ya kuta za nyumba kuna hofu ambayo mwanaume hasemi, kwamba atabaki peke yake jioni na watoto na jiko, au kwamba ukipanda utamwona mdogo. Sijui, wala usimhukumu kwa dhana yangu. Mwulize siku ambayo hamzungumzii pesa. Halafu kaeni na karatasi mbili: moja ya saa zako za wiki mbili, nyingine ya gharama zote mpaka siku ya joho, na kando yake gharama ya kupandisha kuta. Saa 14 za masomo kwa wiki lazima zitoke kwa mtu. Kama ni jioni mbili na Jumamosi nzima, nani atapika, nani atamkagua wa darasa la tano madaftari? Akikubali jambo dogo lenye siku na saa, lina uzito kuliko akikubali "usome tu".

Na umri. Una miaka 36, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Hata ukipita njia ndefu kabisa, mwaka wa msingi na miaka sita ya shahada, utakuwa na 43, na miaka 17 ya kazi mbele yako. Kuchelewa hakumo kwenye hesabu hizi. Kilichomo ni swali ambalo sikuliona kwenye barua yako: kama yule kijana angehamishwa kesho, bado ungeitaka shahada hii? Usinijibu mimi.

Kwa sasa dola 300 zibaki benki, mwezi uishe, uone kama ofa haitarudi mwezi ujao ikiwa na tarehe mpya. Ukishaonana na Afisa Utumishi niandikie tena, na unitajie daraja na ngazi ya mshahara uliyonayo leo, maana hesabu ya mshahara binafsi siwezi kuimaliza bila hizo.